MASWALI YA WASOMAJI: "Mzee anamaliza pakiti kwa sababu imeandikwa chumvi imepunguzwa"

SWALI: Mbukwa dada. Ninaandika kutoka Ipagala, hapa hapa Dodoma mjini. Mume wangu ana miaka 58, na mwezi wa nne alikutwa na presha, 160 kwa 100. Daktari akamwanzishia dawa na kumwambia apunguze chumvi. Mtoto wetu wa kwanza aliporudi safari ya Marekani akamletea baba yake pakiti kubwa nane za krispi za mahindi, kwa mbele zimeandikwa kwamba chumvi yake imepunguzwa. Sasa kila jioni taarifa ya habari ikianza mzee anafungua pakiti, na ikifika habari za michezo nusu imekwisha. Chakula cha usiku anakigusa tu. Nikisema neno ananijibu, "Hizi ni za wagonjwa mama, niache nile."

Binti yangu amenisomea maandishi ya nyuma ya pakiti nami nayanakili: kipimo kimoja ni gramu 28, pakiti ina vipimo kama 9. Kila kipimo kina kalori 150, mafuta gramu 8, wanga gramu 18, nyuzinyuzi gramu 2, protini gramu 2, sodiamu miligramu 85. Vilivyomo: mahindi, mafuta ya alizeti, chumvi, chokaa. Je, ni kweli ni za wagonjwa? Na hiyo chokaa ndiyo hii tunayopaka nyumba?

JIBU: Mbukwa dada yangu, na pole kwa kuuguza. Umefanya jambo kubwa kuninakilia maandishi yote. Wengi huniandikia "nimenunua kitu fulani, ni kizuri?" nami nabaki sina pa kushika.

Nianze na neno lenyewe. Kule Marekani, kampuni ikitaka kuandika kwamba sodiamu imepunguzwa, sheria inaitaka iwe imepungua angalau asilimia 25 ikilinganishwa na bidhaa ya kawaida ya aina hiyo. Ni hilo tu. Hakuna anayesema chakula hicho ni cha mgonjwa, wala kwamba chumvi iliyobaki ni kidogo. Ikiwa zile za kawaida zilikuwa na chumvi nyingi mno, hizi zilizopunguzwa bado zinaweza kuwa na chumvi nyingi kuliko krispi za kampuni nyingine isiyojisifia lolote. "Chumvi kidogo" ni neno jingine lenye kipimo chake. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka chakula kisizidi miligramu 120 za sodiamu katika kila gramu 100 ndipo kiitwe hivyo. Piga hesabu ya krispi za mzee: miligramu 85 katika gramu 28 ni kama miligramu 300 katika gramu 100. Zimepunguzwa, ndiyo, lakini si kidogo.

Sodiamu ndiyo ile sehemu ya chumvi inayomhusu mwenye presha. Kama asilimia 40 ya uzito wa chumvi ni sodiamu, kwa hiyo ukiona miligramu 400 za sodiamu kwenye pakiti, soma gramu 1 ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, yaani chumvi isiyofika gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo umo mkate, mboga, supu na kila kitu kilichopita mdomoni siku hiyo.

Sasa mzee anakula nusu pakiti. Hiyo ni vipimo vinne na nusu, karibu miligramu 380 za sodiamu, kama moja ya tano ya siku nzima. Dada, kwa upande wa chumvi peke yake hilo si jambo la kukukosesha usingizi, ilimradi sehemu nyingine za siku zinachungwa. Kinachonitia hofu kwenye barua yako ni mafuta.

Juzi nilinunua pakiti inayofanana na hiyo kwenye duka moja hapa mjini, nikaweka mizani yangu ya jikoni mezani. Gramu 28 zilikuwa vipande 12. Nikavipanga kwenye kisosi cha chai, havikukijaza. Hicho ndicho kipimo kimoja, kile ambacho namba zote za nyuma ya pakiti zinakizungumzia. Nani anaishia vipande 12? Kisha nikachukua glasi na chupa ya alizeti, nikapima mafuta ya pakiti nzima: gramu 8 mara vipimo 9 ni gramu 72, vijiko vya mezani vitano na zaidi kidogo. Nikainua ile glasi dirishani nikaiangalia. Mafuta ya dhahabu, yameshika robo ya glasi na kupanda. Nusu yake ndiyo anayokunywa mumeo kila jioni akitazama habari, ila hayaoni kwa sababu yamejificha ndani ya mahindi.

Mahindi yenyewe hayana kosa. Punje kavu za mahindi, katika gramu 100, zina mafuta kama gramu 5 na sodiamu kidogo sana, miligramu 35 hivi. Zikishakuwa krispi, mafuta yanafika karibu gramu 29 katika gramu hizo hizo 100, na kalori zinapanda kutoka kama 365 hadi zaidi ya 530. Maji yametoka kwenye kikaango, mafuta yakaingia mahali pake. Kampuni ikipunguza chumvi, hayo mengine yote yanabaki vilevile, na nusu pakiti inampa mzee kalori 675. Huo ni mlo kamili wa mtu, lakini mlo usio na mboga, usio na maharage, usio na tunda. Uzito ukipanda presha nayo hupanda. Na ule mlo anaougusa tu ndio wenye potasiamu, madini yanayousaidia mwili kuitoa sodiamu: ipo kwenye maharage, mchicha, matembele, ndizi, parachichi. Kwa hiyo anapoteza mara mbili.

Ukitaka kuisaka chumvi hasa, usiishie kwenye krispi. Krispi zina ladha ya chumvi kwa sababu chumvi yake iko juu, ulimi unakutana nayo kwanza. Mkate hauna ladha ya chumvi, lakini slesi moja mara nyingi ina sodiamu ya miligramu 100 hadi 200. Slesi mbili za asubuhi zinaweza kuzipita krispi za kisosi mara mbili au zaidi. Vile vimchemraba vya kuungia supu, karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Halafu ile chumvi mbichi ya kunyunyizia mezani kwenye nyama choma na yai la kuchemsha. Ondoa kikopo mezani kabisa, kisikae hata mbali kidogo. Mkono unakwenda wenyewe.

Na magadi. Hapa nitakueleza jambo la nyumbani kwetu. Marehemu mama yangu aliishi Mvumi, na alipopata presha mimi nilikuwa tayari nafanya kazi ya lishe. Nilimwondolea chumvi mezani, nikamwelekeza mdogo wangu aunge mboga kwa kijiko nusu, nikajiona nimemaliza. Mlenda aliendelea kuupika kwa magadi kila siku, na maharage alitia magadi yaive upesi, kuni zilikuwa za shida. Sikumkataza kwa sababu magadi hayana ladha ya chumvi, nami sikukaa nikayafikiria. Magadi ni sodiamu. Katika magadi safi karibu asilimia 30 ya uzito ni sodiamu, haiko mbali sana na chumvi ya kawaida. Miaka mingi imepita na bado linaniuma, maana nilikuwa na elimu hiyo kichwani na sikuifikisha kwenye chungu cha mama. Tafadhali dada, chungulia chungu chako. Maharage loweka usiku kucha, mwaga yale maji, pika kwa maji mapya, yataiva bila magadi. Mlenda uchemshe kwa moto wa taratibu, uutie karanga zilizotwangwa. Utateleza vizuri tu.

Kuhusu chokaa usiogope. Ni chokaa iliyosafishwa kwa ajili ya chakula, na sababu yake ni ya zamani sana. Watu wa Meksiko tangu enzi za mababu zao huchemsha mahindi makavu kwa maji yenye chokaa kidogo, wakayaacha yalale humo usiku, kisha wakayaosha na kuyasaga yakiwa bado yamelowa. Ganda linalainika na kutoka, kinyunga kinashikana, na harufu ile unayoisikia ukifungua pakiti inatoka hapo. Faida kubwa zaidi haionekani kwa macho. Mahindi yana vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa kwa namna ambayo tumbo la mwanadamu haliipati vizuri. Chokaa inaifungua. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Italia na sehemu nyingine za Ulaya, na baadaye yalipokuwa ndio chakula cha kila siku cha maskini wa kusini mwa Marekani, watu waliyachukua bila ujuzi huo wa chokaa. Walioishi kwa mahindi peke yake wakaugua pelagra: ngozi inababuka palipopigwa na jua, tumbo linaharisha, akili inavurugika, na wengi walikufa. Kwa hiyo hiyo chokaa ndiyo sehemu ya pakiti ninayoiheshimu, na inaongeza kalisi kidogo. Chokaa ya kupaka nyumba ni kitu kingine, ina uchafu wake. Asije mtu akaitia kwenye chakula.

Pakiti yako imetaja chumvi ya kawaida, sawa. Lakini mwanao akileta nyingine, mwambie binti atafute maneno "potasiamu kloraidi" kwenye orodha ya vilivyomo. Baadhi ya kampuni hupunguza chumvi kwa kuweka hiyo badala yake. Kwa mtu mwenye figo nzima si tatizo, hata huweza kusaidia presha. Kwa mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa kama losartan, enalapril au spironolactone, potasiamu inaweza kurundikana mwilini na kuusumbua moyo. Hujaniambia mumeo anameza dawa gani. Akienda kliniki abebe pakiti ya dawa na pakiti ya krispi, amwonyeshe daktari zote mbili.

Usimnyang'anye. Mwanamume wa miaka 58 ukimnyang'anya atakwenda kula kwa jirani. Mtilie vipande 12 kwenye kisosi, pakiti irudi kabatini kabla hajakaa, na pembeni umwekee bakuli la kachumbari ya nyanya, kitunguu na tango, limao tele, chumvi hakuna. Achote kachumbari kwa krispi. Itamchukua muda, kinywa kitachangamka, na atafika kwenye chakula cha usiku akiwa na njaa. Siku nyingine mchomee hindi bichi, umpakie ndimu na pilipili tu. Na dawa asiiache hata siku moja kwa kuona amepunguza chumvi.

SWALI: Shikamoo mama. Sisi ni vijana wanne wa Kibaigwa. Tunanunua mahindi sokoni, tunasaga, tunakanda, tunasukuma, tunakata pembetatu na kukaanga kwa alizeti ya hapa. Krispi zetu zinauzwa stendi na madukani, pakiti shilingi 500. Chumvi tunaitia kwenye kinyunga. Tunataka kuchapa lebo mpya iandikwe "chumvi pungufu" kwa sababu wateja wanaulizia. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba wanangu. Nimefurahi sana kuona mahindi ya Kibaigwa yanaongezewa thamani Kibaigwa kwenyewe.

Neno hilo ni ahadi, na ahadi inahitaji namba mbili: ya zamani na ya sasa. Chukueni daftari. Tuseme mlikuwa mnatia gramu 20 za chumvi katika kila kilo moja ya krispi zilizokwisha kukaangwa. Hiyo ni miligramu 800 za sodiamu katika gramu 100. Mkishuka hadi gramu 15 mtakuwa kwenye 600, mmepunguza robo, na hapo ndipo neno "pungufu" linapoanza kuwa na maana. Kwenye lebo semeni imepungua kwa asilimia ngapi na ikilinganishwa na nini. Mkitaka kuandika "kidogo" kwa kile kipimo cha Codex nilichomweleza dada wa Ipagala, mtatakiwa mbaki na chini ya gramu 3 kwa kilo, na hiyo ni safari ndefu. Namba za daftari ni za kuanzia. Za kuchapa lazima zitoke maabara, na kabla ya lebo bidhaa yenyewe ipitie TBS, Shirika la Viwango Tanzania, maana tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula uko kwao. Ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hapa Dodoma ina uzoefu wa kuwashika mkono wajasiriamali wadogo, nendeni mkaulize.

Sasa siri ya jikoni. Acheni kutia chumvi yote kwenye kinyunga. Ikizama ndani ulimi hauipati, mnaipoteza bure na mlaji anaimeza bila kuifurahia. Sageni chumvi iwe laini kama poda, mnyunyize krispi zikiwa bado za moto, mafuta hayajakauka juu. Chumvi ndogo itasikika kubwa. Halafu tumieni kile ambacho Dodoma tumejaliwa: unga wa ubuyu. Uchachu wake unafanya kazi ambayo chumvi ilikuwa inaifanya, na ukichanganywa na pilipili kavu iliyosagwa mtapata ladha ambayo krispi za kutoka nje hazina. Punguzeni kidogo kidogo, wiki kwa wiki, wateja wenu wazoee.

Chumvi iwe yenye madini joto. Najua ile isiyofungwa ni rahisi kwa bei, lakini kwa kuwa sasa mtatumia chache, hiyo chache iwe kamili.

Lipo moja ambalo hamkuliuliza, na kwangu ni kubwa kuliko chumvi yote. Mwaka 2016 watu walikufa hapa Dodoma na kwa jirani zetu Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu ile inatokana na ukungu, na kikaango hakiiondoi yote. Mafuta ya moto yanaua ukungu, sumu inabaki. Nunueni mahindi yaliyokauka sawasawa: ukiuma punje ivunjike kwa mlio, isibonyee. Kabla ya kusaga, mwageni kwenye turubai juani mkachambue kwa mkono, mtoe kila punje iliyovunjika, iliyotobolewa, iliyobadilika rangi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu zisizozidi 10 za sumukuvu zote kwa kilo, na jicho haliwezi kupima hivyo, kwa hiyo mtakapopeleka sampuli ya chumvi maabara ombeni na kipimo hicho. Zile punje mlizochambua msimpe kuku wala msimuuzie mtu wa pumba. Zichomeni moto.

SWALI: Shikamoo mama. Mtoto wangu ana mwaka mmoja na nusu, analilia krispi za dada yake. Nikimpa zile zisizotiwa chumvi kabisa kuna ubaya? Mama wa Chang'ombe.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe, na sababu ya kwanza si chumvi. Krispi ya mahindi ni ngumu, ina ncha, inavunjika vipande vyenye makali. Mtoto wa umri huo meno yake ya kusagia hayajatimia, na kipande kikienda njia ya hewa huna muda wa kukimbilia hospitali. Sababu ya pili, tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Likijaa krispi, uji wenye karanga, yai na parachichi vitakosa nafasi.

Anachokililia ni kushika kitu mkononi kama dada yake. Mchemshie kiazi kitamu kilainike hadi kikubonyee katikati ya vidole viwili, ukikate kirefu kama kidole chako, umkalishe wima na ukae naye. Na dada mtu ale krispi zake shuleni.